Unamnunulia Rubani Picha ya Ndege? Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Ganji

Beshte yako amemaliza masaa yake pale Wilson, leseni imetoka, na mbogi imefungua grupu ya WhatsApp ya kuchangisha zawadi. Mtu mmoja anaandika, "Si tumnunulie tu picha ya ndege aweke kwa ukuta?" Wote wanaitikia na dole gumba. Dakika tano haziishi, mwingine amerusha linki: ndege kubwa, jua linazama, mawingu rangi ya machungwa. Picha safi. Shida ni moja tu. Hiyo ndege haipo duniani.

Rubani huangalia picha ya ndege vile makanga huangalia noti ya thao. Anaigeuza mara moja na anajua kama ni feki. Hatakuambia, kwa sababu ana heshima. Atasema asante sana wasee, atapiga selfi nayo, halafu itaenda kukaa nyuma ya kabati na hutaiona tena siku ukienda kwake.

Kwa hivyo kabla mtume M-Pesa, hebu tuongee. Watu wengi huanza na swali la "picha gani ni kali?" Anza na hili lingine: huyu mtu ameruka ndege gani, wapi, na lini? Ukijua hayo matatu, kazi imebaki ya kuprinti.

Ndege yake, sio ndege tu

Karibu kila mtu aliyesomea urubani Nairobi ameanzia kwa ndege ndogo, na mara nyingi hiyo ndogo ni Cessna 172. Ni ile ya mabawa juu ya kichwa, propela moja, magurudumu matatu ambayo hayakunjwi. Iliruka mara ya kwanza 1955 na zimeundwa zaidi ya 44,000. Hakuna aina nyingine ya ndege iliyoundwa mara nyingi hivyo. Ukimletea mtu wa Cessna picha ya Airbus A380, ni kama kumpa dereva wa mat ya Rongai picha ya treni. Ni usafiri, ndiyo, lakini sio maisha yake.

Huyo mtu ametoka jasho ndani ya hiyo ndege ndogo. Kiwango cha kimataifa ni angalau saa 40 angani kupata leseni ya kibinafsi, na saa 200 kupata ile ya biashara, au 150 kama amesoma kozi moja iliyopangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila saa imelipiwa. Kuna mathee aliuza shamba hapo katikati. Kwa hivyo picha ya ile Cessna yenyewe, ikiwa na namba zake ubavuni, inamgusa kuliko jeti yoyote ya kupendeza.

Hizo namba ndizo siri ya mchezo. Kila ndege iliyosajiliwa Kenya huanza na 5Y, halafu mstari, halafu herufi tatu. Uganda ni 5X, Tanzania ni 5H. Rubani hukumbuka namba ya ndege aliyorusha peke yake mara ya kwanza vile wewe unakumbuka namba ya simu ya ex. Uliza mwalimu wake, ama umwambie akuonyeshe logibuku (sio ile ya gari, ni daftari la rubani la kuandika kila safari). Pale ndani kuna tarehe, aina ya ndege, namba, alikotoka na alikotua. Zawadi yote iko kwa mstari mmoja wa hilo daftari.

Kama amevuka kutoka kwa mafunzo na sasa anapeleka watalii Mara, basi uwezekano ni mkubwa anakalia Cessna Caravan. Hiyo pia ina propela moja na mabawa ya juu, lakini ni ndefu na ina tumbo. Usichanganye hizo mbili. Akiwa Kenya Airways, uliza kama ni Embraer 190, Boeing 737 ama 787 Dreamliner, ile ambayo kampuni ilipokea ya kwanza 2014. Kwako zote ni ndege nyeupe yenye mkia mwekundu. Kwake ni tofauti ya miaka kadhaa ya kazi.

Vile utajua picha ni feki

Siku hizi kompyuta inachora picha kwa sekunde, na maduka ya mtandaoni yamejaa ndege zilizochorwa na AI. Zingine ni vichekesho. Injini mbili upande huu, moja upande ule. Madirisha yanaendelea mpaka kwa mkia. Propela ina mapanga matano, mawili yameshikana. Hesabu kila kitu mara mbili, kushoto na kulia.

Lakini kuwa makini pia usikatae ya ukweli. Super VC10 za East African Airways zilikuwa na injini nne zote nyuma kwa mkia, mbili kila upande. Ukiona mara ya kwanza unadhani mchoraji alikuwa amelewa, na kumbe ndivyo zilivyokuwa. Hiyo kampuni ilianza kazi 1946, ikiwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika na Zanzibar pamoja, na ikaanguka 1977, mwaka huo huo Kenya Airways ikazaliwa. Kama una guka aliyefanya kazi huko, picha ya VC10 itamfanya aongee kutoka chai ya saa kumi mpaka taarifa ya habari.

Kosa lingine ambalo liko kila mahali ni picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Msanii anataka ndege iangalie upande mwingine ndio ipendeze na kochi, anabonyeza kitufe, basi. Rubani anaiona saa hiyo hiyo. Taa ya ncha ya bawa la kushoto ni nyekundu na ya kulia ni kijani, kushoto na kulia kwa mtu aliyekaa ndani ya ndege. Ndege ikikujia uso kwa uso, nyekundu inafaa kuwa upande wako wa kulia. Ikiwa kinyume, picha imegeuzwa. Caravan nayo ina bomba kubwa la moshi kwa pua, upande wa kulia. Likihamia kushoto, hiyo ni ya kioo. Na abiria hupandia mlango wa kushoto wa ndege kubwa, kwa hivyo ukiona ngazi imewekwa kulia na watu wanapanda na masanduku, jiulize mara mbili.

Halafu kuna namba za njia ya kurukia, zile kubwa nyeupe zimeandikwa chini kwa lami. Hizo huwa ni dira. 06 maana yake unaelekea nyuzi 60, na ukija kutoka upande wa pili inasomeka 24, yaani 240. Pale JKIA ni 06 na 24. Wilson kuna mbili zinazokatana: 07/25 na 14/32. Namba huanza 01 na kuishia 36, kwa sababu duara lina nyuzi 360. Kwa hivyo ukikuta picha ya ndege inatua kwa njia imeandikwa 52, funga hiyo linki uende ukale.

Magurudumu pia. Ndege kubwa ikiwa juu ya mawingu, safari imeiva, magurudumu yamekunjwa ndani. Picha nyingi za kubuni zinaacha magurudumu nje huko juu, ni kama kuendesha gari mlango ukiwa wazi. Ila Cessna 172 na Caravan, hizo zetu za Wilson, magurudumu hukaa nje saa zote. Usije ukamrudishia msanii wa maana kazi yake bure.

Ukitaka kuonekana umejua sana, angalia injini. Ya 737-800 imebonyea chini kidogo, si duara kamili, kwa sababu ile ndege iko karibu na ardhi na injini kubwa haingetosha. Ya Dreamliner ina meno meno nyuma, kama ukingo wa kisu cha mkate. Hayo meno hupunguza kelele.

Sio lazima iwe ndege

Hapa ndipo naona watu wanapoteza nafasi. Picha ya ndege ni kitu cha kwanza kila mtu hufikiria, kwa hivyo rubani tayari anazo tatu. Mpe ramani.

Ramani za marubani ni sanaa bila hata kujaribu. Milima imepakwa rangi kwa kimo, viwanja vina alama zao, anga imekatwa kwa duara na mistari ya buluu na zambarau. Na hizi ramani huisha muda kama maziwa. Taarifa za anga hubadilishwa duniani kote kwa mzunguko wa siku 28, na ramani za karatasi hutolewa upya kila baada ya muda. Ile iliyopitwa hairuhusiwi tena kwa safari, kwa hivyo inabaki imekunjwa kwa droo ya mtu. Uliza shule ya urubani ama rubani mzee kama ana ya zamani. Anaweza kukupea sare. Inyooshe, chora kwa kalamu nyembamba ile safari yake ya kwanza ya mbali akiwa peke yake, weka fremu. Umemaliza, na hakuna mwingine duniani ana hiyo kitu.

Kama beshte yako alisomea Marekani, mambo ni rahisi zaidi. Ramani za FAA, wale wasimamizi wa anga wa huko, ziko wazi kwa mtandao, unadaunilodi bure na kuprinti bila kesi. Picha za NASA pia kwa kawaida hazina hakimiliki. Mchoro wa hataza ya Orville na Wilbur Wright, namba 821,393 ya Mei 1906, ni wa kila mtu sasa. Ni mistari tu ya wino mweusi, mabawa mawili na kamba, lakini ukiuprinti kwa karatasi nzito ya rangi ya krimu unakaa kama kitu cha Karen. Picha ya mtu wa Instagram nayo si ya bure. Mwandikie, uliza bei, lipa. Wapiga picha wetu wa ndege wako, na hiyo pesa ni lishe yao.

Kuna ile ya maandishi tu. HKNW ndiyo kodi ya Wilson kwa marubani, HKJK ni JKIA, HKMO ni Mombasa, HKKI ni Kisumu. Chukua kodi ya kiwanja alichotua peke yake mara ya kwanza, weka kubwa katikati, chini yake namba za njia, kimo chake juu ya bahari (Wilson iko futi 5,500 na kitu), na tarehe. Herufi nyeusi, karatasi nyeupe. Mgeni akiingia keja anaona herufi nne hazina maana. Mwenye nyumba anaona ile asubuhi mwalimu alishuka, akafunga mlango, akamwambia aende. Hiyo inaweza kutengenezwa kwa simu, na mimi ningeichagua kabla ya zingine zote.

Na usisahau mafundi wetu. Wasee wanaochora nganya wanaweza kuweka Caravan kwa ubao vizuri kuliko printi yoyote ya kutoka ng'ambo, mradi uwape picha ya ukweli ya kuangalia na uwaambie wasiongeze moto kwa injini. Hilo la moto sema mapema, kwa sababu wataongeza.

Kama rubani ni dem

Tafuta picha za rubani mtandaoni uone. Mwanaume, koti la ngozi, miwani mikubwa, shingo na skafu. Ukimletea dem rubani hiyo picha, unamwambia nini?

Na historia iko, tena imejaa. Bessie Coleman, Mmarekani mweusi, alikataliwa na shule za urubani kwao, akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa na kupata leseni Juni 1921. Picha zake ni za zamani kiasi kwamba unaweza kuzipata na kuziprinti bila shida. Beryl Markham alikulia Njoro na kujifunzia kuruka Kenya. Septemba 1936 alitoka Uingereza peke yake usiku, akavuka Atlantiki dhidi ya upepo, na kuangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akiwa mzima. Ndege yake ilikuwa Percival Vega Gull, usajili VP-KCC. Hiyo VP-K ilikuwa alama ya Kenya kabla ya 5Y. Yaani ndege ya Kenya ndiyo ilivuka. Na karibu zaidi na sisi kuna Irene Koki Mutungi, Mkenya wa kwanza wa kike kurusha ndege za Kenya Airways, na mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kepteni wa Dreamliner.

Kuprinti na kutundika

Usitume picha kwa mtu wa printi kupitia WhatsApp kama picha ya kawaida. Itabanwa, itapoteza nguvu, na ikifika kwa karatasi kubwa mabawa yatakuwa na ngazi ngazi kama mchezo wa zamani wa runinga. Itume kama dokumenti, ama uibebe kwa flashi. Kwa A3 safi kabisa unahitaji pikseli kama 3,500 kwa 5,000. Nusu ya hiyo bado inapita ukiiangalia kutoka kwa kochi. Chini ya hapo punguza saizi ya karatasi, usilazimishe.

Maduka ya tao yatakupigia hesabu ya karatasi, kanvasi au ubao. Kanvasi ni poa kwa picha ya mawingu na rangi nyingi, lakini kwa ramani na michoro ya mistari chukua karatasi na kioo, kwa sababu kanvasi hula mistari myembamba. Akiwa anakaa Mombasa ama Malindi, mwambie fundi wa fremu aache nafasi kidogo kati ya karatasi na kioo. Ule unyevu wa Pwani hugandisha karatasi kwa kioo, halafu ukungu unaingia.

Sasa kuna caretaker. Keja nyingi hazikubali msumari, na hata ikikubali, ukuta wa mawe utakunja huo msumari wako wa mbao mara tatu. Kwa fremu nyepesi tumia ile gundi ya vipande inayotoka bila kung'oa rangi. Kwa nzito tafuta mtu wa drili, ama usitundike kabisa: iegemeze juu ya kabati, inakaa vizuri tu. Kama inaenda ukutani juu ya kochi, upana wake uwe kama theluthi mbili za kochi, na katikati ya picha iwe usawa wa macho ya mtu amesimama. Watu wetu hutundika juu sana, karibu na dari, ni kama picha ya rais kwa ofisi ya chifu. Jua la mchana lisiipige moja kwa moja, rangi itaisha. Na kioo kizito kisikae juu ya kichwa cha kitanda, hiyo hata haitaji maelezo.

Epuka picha za radi na ndege iliyopinda kwa dhoruba. Wewe unaona filamu. Yeye anajua wenzake.

Na yule aliyekwama

Kuna mtu mwingine kwa hii stori, na pengine unamjua. Alianza, akafika saa 60 au 90, halafu fees ikakata. Sasa anafanya kazi nyingine, anakaa mahali ndege za Wilson zinapita chini chini zikielekea kutua, na kila moja ikipita anatulia kidogo kabla aendelee kubonga. Birthday yake imefika na mbogi inataka kumletea picha ya ndege ndio "asife moyo".

Pole pole hapo. Kwa wengine hiyo picha ni deni limetundikwa kwa sebule. Ataiona akiamka na akilala. Kwa wengine ndiyo inawashikilia. Huwezi kukisia kutoka nje, kwa hivyo usimfanyie surprise. Muulize waziwazi, ukiwa mmoja, sio mbele ya watu: "Ningekuletea kitu ya ndege ya kuweka kwa ukuta, ungependa ama niache?" Akisema acha, acha, umnunulie viatu.

Akisema anapenda, fikiria tena hiyo ganji mmechanga. Mkiwa watu kumi ama kumi na tano, pigieni simu shule yake, ulizeni bei ya saa moja kwa ile ndege aliyoizoea, na mwalimu pembeni kwa sababu amekaa muda bila kuruka. Mkiweza, lipieni hiyo saa kwa jina lake. Fremu mnunulie pia, ya bei nafuu, lakini impe ikiwa tupu. Siku akishuka, mwambie afungue logibuku, piga picha ya ule mstari mpya na mwanga wa dirisha, itume kwa mtu wa printi kama dokumenti.